Mgonjwa akiomba asaidiwe kufa: namna ya kulishika ombi hilo nyumbani

Ombi huja kwa sura nyingi. "Mungu anichukue tu." "Nimechoka, nipeni sindano nilale moja kwa moja." "Huyo daktari hawezi kunimalizia?" Katika nyumba za Mombasa, Mji wa Kale hadi Mikindani, jibu la kwanza huwa "astaghfirullah, usiseme hivyo" au "ashindwe shetani", na mazungumzo hufungwa hapo hapo. Mgonjwa hunyamaza. Hakujibiwa, ameona tu kwamba hana wa kumsikiliza. Na huko nje barazani, wanawe wanaulizana lile lile kwa sauti ya chini: si heri apumzike?

Mwongozo huu ni wa jamaa, wahudumu wa afya wa mitaani, maimamu na wachungaji wanaoitwa kwenye nyumba hizo. Una msimamo mmoja: ombi la kufa lisijadiliwe kama suala la maadili kabla ya maumivu, pumzi, harufu na deni kushughulikiwa. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho mjadala wenyewe, na hicho nacho kisikimbiwe.

Tengeni maneno kwanza

Ugomvi mwingi wa kifamilia juu ya jambo hili ni ugomvi wa maneno. Watu watano wanasema "kumsaidia afe" na kila mmoja ana lake kichwani.

Kifo cha kusaidiwa na daktari maana yake daktari anaandika dawa ya kukatisha uhai na mgonjwa mwenyewe anaimeza. Kuua kwa huruma ni pale daktari anapodunga yeye. Kukataa au kusitisha matibabu ni jambo la tatu: mgonjwa anasema hataki tena kusafishwa figo, hataki kemo (dawa kali za saratani), hataki mashine ya kupumulia, na ugonjwa ndio unaomwua. La nne ni kutuliza maumivu kwa dawa kali kama mofini, ambayo huweza kumsinzisha. La tano ni kumlaza usingizi mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho kwa sababu mateso yake hayakubali dawa nyingine yoyote.

Mawili ya kwanza ni jinai nchini Kenya. Matatu ya mwisho ni utabibu wa kawaida. Shangazi akisikia "tunaondoa mashine" akapiga ukemi kwamba mnamuua nduguye, amechanganya la tatu na la pili. Kijana akimwambia nesi "mwongezeeni mofini amalizike", amechanganya la nne na la pili. Mnapoona mnaelekea huko, ulizeni maswali matatu: Nani anafanya kitendo? Ni kitu gani kitakachomwua, dawa au maradhi? Na dozi inafuata nini? Swali la mwisho ndilo linalotenga vizuri zaidi. Dozi ya kutuliza hupanda na kushuka ikifuata maumivu na hubaki hapo yanapotulia. Dozi ya kuua haijali maumivu yako wapi.

Maumivu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, maana hapa ndipo ombi la kufa huyeyuka mara nyingi.

Pimeni kwanza. Mtu mzima anayeweza kuitika aonyeshe kwa mkono: ngumi ni sifuri, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Andikeni namba hiyo kwenye daftari mara nne kwa siku, pamoja na saa na mahali panapouma. Daftari la siku tatu humsaidia daktari kuliko maneno "anaumwa sana", na huwasaidia nyinyi mnapobishana kama dawa inafanya kazi au haifanyi. Mgonjwa asiyeweza kusema, tazameni uso wakati wa kumgeuza: kukunja paji, kuguna, kushika ukingo wa kitanda.

Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha dawa za maumivu zitolewe kwa mdomo inapowezekana, na kwa saa, sio kwa kungoja mgonjwa alie. Parasetamoli ya gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, ndiyo huanza, na mara nyingi huendelea hata baada ya dawa kali kuingia. Saratani iliyosambaa ikishafika kwenye mifupa, parasetamoli peke yake ni kumpa maji.

Mofini ya maji hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa na sheria. Mombasa ina Coast Hospice, kituo cha kuwatuliza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na hospitali kubwa ya rufaa ya Coast General. Ulizeni huko mapema, kabla usiku mbaya haujafika. Daktari kwa kawaida huanzisha mtu mzima ambaye hajawahi kutumia dawa za aina hii kwa miligramu 5 kila saa 4, na mzee au mtu aliyekonda sana kwa 2.5. Ratiba inayofaa nyumbani ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili mgonjwa na anayemlinda walale hadi asubuhi. Maumivu yakichomoza katikati, dozi ya ziada ni sawa na dozi moja ya kila saa 4, sio ile maradufu ya usiku, nayo iandikwe. Dozi za ziada zikiwa nyingi kwa siku moja, daktari hupandisha dozi ya msingi. Msipandishe wenyewe.

Makosa yanayoharibu kazi hii yanajulikana.

Kosa kubwa kuliko yote ni nguvu ya dawa kwenye chupa. Mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Kwenye chupa ya miligramu 1 kwa kila mililita, mililita 5 ni miligramu 5. Kwenye chupa ya miligramu 10 kwa mililita, mililita 5 hizo hizo ni miligramu 50, mara kumi ya mlichokusudia. Chupa mpya ikija, someni lebo kwa sauti, watu wawili, kabla ya dozi ya kwanza. Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo.

Linalofuata ni choo. Mofini hufunga choo kwa karibu kila mtu, na tofauti na usingizi, tatizo hili haliishi kwa kuzoea dawa. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo, mathalani bisacodyl miligramu 5 hadi 10 usiku, huandikwa siku ile ile mofini inapoanza. Ikisahauliwa, siku ya tano mgonjwa ana tumbo kama ngoma, anakataa chakula, anasema afadhali afe, na jamaa wanasema "ni ile mofini". Wanaiacha. Maumivu yanarudi. Ombi la kufa linarudi nayo.

Kichefuchefu hutokea siku chache za mwanzo na kina dawa yake. Usingizi mzito wa siku mbili tatu za kwanza mara nyingi ni deni la usingizi wa wiki kadhaa. Mwacheni alale, ilimradi anaamka akiitwa. Asiyeamka vizuri akiitwa, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika, au anayeanza kurukaruka misuli, dozi inayofuata isimamishwe na daktari apigiwe simu mara moja. Wenye figo mbovu hufika hapo haraka zaidi, kwa hiyo hali ya figo itajwe tangu mwanzo.

Hofu kwamba mofini ndiyo "sindano ya mwisho" ina chanzo chake. Katika hospitali nyingi ilizoeleka kuandikwa mtu akiwa hoi kabisa, akafa kesho yake, na mtaa ukaunganisha mambo hayo mawili. Mofini inayoanzishwa kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua haifupishi maisha, na wapo wanaoinywa miezi mingi huku wakienda sokoni Kongowea kununua nazi.

Mambo mawili ya huku kwetu. Mgonjwa wa Likoni asibakiwe na dawa ya siku moja huku anayeifuata akitegemea feri. Akiba ya siku tatu ndiyo ya chini. Na mwezi wa Ramadhani, wapo wagonjwa wanaokataa dozi za mchana kimyakimya ili wafunge. Magharibi ikifika maumivu yameshashika hatamu, na usiku mzima hayashikiki. Qur'ani, sura ya pili aya ya 184 na 185, inampa mgonjwa ruhusa ya kula, na asiyetarajiwa kupona hulipiwa fidia kwa kulisha maskini. Mleteni imamu amwambie yeye mwenyewe. Kwa mzee wa miaka sabini, neno la binti yake juu ya saumu halitoshi.

Yanayomfanya mtu achoke kuishi, mbali na maumivu

Harufu ya kidonda. Saratani ya titi iliyopasuka ngozi, au ya shingo ya kizazi, hutoa harufu inayomfanya mama ajifungie chumbani na kukataa wajukuu. Anaposema "sina faida tena", mara nyingi anazungumzia harufu hiyo. Vidonge vya metronidazole vilivyosagwa laini na kunyunyizwa kwenye kidonda kila kinapobadilishwa bendeji huua vijidudu vinavyotoa harufu, na tofauti huonekana ndani ya siku chache. Muulizeni nesi kiasi kinachofaa kwa ukubwa wa kidonda. Udi chumbani haudhuru, ila hauondoi chanzo, na moshi wake humkaba anayepumua kwa shida.

Pumzi. Mtu anayepumua kama anazama huomba kufa kwa hofu zaidi kuliko kwa hiari. Mkalisheni nusu wima kwa mito, fungueni dirisha, elekezeni feni ndogo ya mezani usoni, usawa wa pua na midomo. Upepo wa usoni hupunguza kweli ile hisia ya kukosa hewa. Mofini ya dozi ndogo husaidia pia. Oksijeni ya mashine humfaa yule tu ambaye damu yake imepungukiwa oksijeni, na stima ikikatika saa nane usiku mashine hiyo huwa meza. Anayeitegemea awe na mtungi pembeni.

Vidonda vya kulalia. Wakati wa kaskazi jasho la mgongoni halikauki. Mgeuzeni kila baada ya saa 2 mchana, na usiku msipitishe saa 4. Tumieni leso iliyokunjwa mara mbili chini ya kiuno na mabega, watu wawili, kila mmoja ashike pindo: mnamwinua kidogo na kumsogeza, hamumburuti. Kumburuta ndiko kunakochubua ngozi.

Huzuni. Mgonjwa aliyetulizwa maumivu bado asipotaka kuona mtu, asipofurahia hata sauti ya mjukuu, akijilaumu kwa mambo ya miaka thelathini nyuma, huenda ana ugonjwa wa huzuni ambao una tiba hata kwa mtu aliyebakiwa na miezi. Mgonjwa anayetaja namna ya kujiua, au anayeweka akiba ya vidonge, asiachwe peke yake, dawa zote zifungiwe, na daktari ajulishwe siku hiyo hiyo.

Na deni. Hili halisemwi mbele ya wageni. Baba anajua hati ya shamba la Kwale imewekwa rehani. Anajua mwanawe wa mwisho ameacha chuo. Ombi lake la kufa ni hesabu ya fedha, na mnapomjibu kwa aya peke yake hamjajibu hesabu. Kaeni naye muonyeshane namba: SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipia nini katika maradhi yake, kipimo kipi hakibadilishi tena matibabu na kinaweza kuachwa, kemo ya mzunguko unaofuata inatarajiwa kuongeza nini. Kuacha matibabu ghali yasiyosaidia tena ni halali, na mara nyingi ndilo alilokuwa akiomba tangu mwanzo bila kupata neno lake.

Akilisema, jibuni hivi

Kaeni chini, macho yenu yawe usawa wa yake. Ulizeni kwa utulivu: "Baba, ni kitu gani leo kimekufikisha hapo?" Halafu nyamazeni. Kimya cha nusu dakika kinawaumiza nyinyi kuliko yeye. Swali la pili: "Kama kile kinachokusumbua zaidi kingetulia, bado ungetaka hivyo?" Swali la tatu: "Unaogopa nini zaidi, kufa au namna ya kufa?" Wengi hawaogopi kaburi. Wanaogopa kukosa hewa, kufa peke yao wodini, au kuoshwa na mkwe.

Msiahidi msichoweza. "Hutapata maumivu hata kidogo" ni ahadi mbaya. "Hatutakuacha peke yako, na usiku wowote ukiumia kuna dozi na kuna namba ya kupiga" ni ahadi inayotimizika. Wala msimfiche maradhi yake. Familia nyingi humwomba daktari asimwambie mama kwamba ni saratani, kwa nia njema kabisa, kisha mama anaanza kuona ameachwa gizani, na aliyeachwa gizani huomba kuondoka.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inalinda uhai na kukataza mtu kunyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Hakuna sheria ya Kenya inayomruhusu daktari. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 225, inampa anayemshawishi au kumsaidia mwingine kujiua adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha. Kifungu cha 213 kinahesabu hata kuharakisha kifo cha mtu ambaye maradhi yangemwua vyovyote kuwa ni kumsababishia kifo. Basi "alikuwa anakufa hata hivyo" si utetezi. Mnamo 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 226, kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua, kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Wapo waliosoma habari hiyo wakadhani kusaidia kumehalalishwa. Hapana. Kifungu cha 225 hakikuguswa na uamuzi huo.

Upande mwingine, Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake na kukataa tiba anayopendekezewa, baada ya kuelezwa matokeo ya kukataa. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba asiyeweza kuridhia mwenyewe, anayeridhia kwa niaba yake ni yule aliyemteua kwa maandishi au aliyepewa mamlaka na sheria au amri ya mahakama, na asipokuwapo huyo, jamaa wake wa karibu. Hapa ndipo familia za pwani hukwama. Ami anadhani ni yeye kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo, mke anadhani ni yeye, na mtoto aliye Jeddah anapiga simu kwa kuwa ndiye anayetuma pesa. Karatasi moja huondoa yote hayo: jina la mgonjwa na namba ya kitambulisho, jina la aliyemteua na simu yake, mambo asiyoyataka (kwa mfano kushtuliwa moyo ukisimama, au mashine ya kupumulia), tarehe, sahihi au alama ya kidole, na mashahidi wawili ambao si warithi. Nakala moja iwe kwenye faili la hospitali, moja kwa aliyeteuliwa, moja chini ya godoro. Iandikwe akili zikiwa timamu, sio siku anapopelekwa ICU.

Kikao cha jamaa

Saa moja inatosha. Kikao cha saa tatu huzaa maneno. Wawepo mgonjwa akiweza, aliyeteuliwa, anayemhudumia usiku na mchana (mara nyingi binti au mkaza mwana asiyeulizwa lolote), mkubwa mmoja kila upande, na daktari au nesi wa hospisi. Walio nje wapigiwe simu wakati huo huo. Anayepata habari baadaye ndiye atakayevunja makubaliano.

Anayemhudumia aanze. Kisha mtabibu aseme mambo matatu kwa lugha ya nyumbani: maradhi yamefika wapi, tiba inayoendelea inaweza kuleta nini na haiwezi nini, na siku zinazokuja zitafananaje. Muulizeni kwa uwazi: "Tunahesabu miaka, miezi, wiki, au siku?" Ndipo mgonjwa, au karatasi yake, iseme anataka nini. Wakubwa waseme mwisho. Wakitangulia, hakuna atakayethubutu kupinga.

Mkiamua kumrudisha nyumbani, msitie sahihi ile fomu ya kuondoka kinyume cha ushauri wa daktari. Wengi huisaini kwa haraka, na huondoka bila cheti cha mofini na bila rufaa. Ombeni ruhusa ya kawaida ya mgonjwa anayehamia kwenye tiba ya kutuliza: muhtasari wa maradhi, dawa za wiki mbili, barua ya hospisi, na namba itakayopokelewa usiku.

Dini zetu

Waislamu na Wakristo wa pwani wanakubaliana juu ya hili kuliko wanavyodhani. Kukatisha uhai kwa makusudi ni haramu. Qur'ani 4:29 ndiyo inayosomwa zaidi. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inakataza kutamani mauti kwa sababu ya dhiki, kisha inampa aliyezidiwa la kusema: amwombe Mola amhuishe maadamu uhai ni heri kwake, na amfishe ikiwa mauti ni heri kwake. Dua hiyo ni zawadi kwa mgonjwa anayeona haya kwa kuwa amechoka. Mfundisheni badala ya kumkemea.

Lakini kukataza kuua hakukuwa kulazimisha mashine. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu kuondoa vifaa vya kumhuisha mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa kwa ushahidi wa mabingwa, hata kama moyo bado unasukumwa na mashine. Kanisa Katoliki nalo, tangu Papa Pius XII mwaka 1957, limefundisha kwamba mgonjwa halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida, na kwamba dawa ya maumivu inaruhusiwa hata ikisinzisha, ilimradi lengo si kifo. Anayesema "dini inatutaka tumwache kwenye mashine mpaka mwisho" atajiwe haya mawili na kiongozi wake wa dini, sio na kijana wa nyumba.

Kinachobaki: mjadala wenyewe

Mmetuliza maumivu, mmemtoa mama gizani, deni limekaa mezani, na bado mgonjwa mwenye akili timamu anasema: nataka niondoke kwa wakati wangu. Watu wa namna hiyo wapo. Ripoti za kila mwaka za jimbo la Oregon, Marekani, ambako sheria ya kifo cha kusaidiwa na daktari imefanya kazi tangu 1997 kwa wanaotarajiwa kuishi miezi 6 au chini, zinaonyesha sababu zinazotajwa zaidi ni kupoteza uhuru wa kujiamulia, kushindwa kufanya yanayoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Maumivu yako chini ya hayo. Kwa hiyo anayetetea tiba ya kutuliza asidai kwamba mofini inamaliza mjadala. Inaupunguza sana, haiumalizi.

Anayeongoza mjadala huu, msikitini, parokiani au chuoni, adai kila upande useme hoja ya mwenzake kwa nguvu kabla ya kuipinga. Upande unaounga mkono una hoja nzito: sheria inamruhusu mwenye figo mbovu kukataa mashine akafa, halafu inamnyima mwenye saratani ambaye hana mashine ya kukataa. Usiijibu kwa "Mungu ndiye ajuaye" peke yake. Jibu lenye uzito ni tofauti ya kuacha maradhi yaue na kuua, na ujiandae kuulizwa kwa nini tofauti hiyo imsaidie anayeteseka. Upande unaopinga huogopa mteremko, yaani mlango ukifunguliwa kidogo utazidi kupanuka. Hapa ushahidi unakwenda pande zote mbili: Canada ilianza 2016 na wale ambao kifo chao kilionekana kukaribia, na kufikia 2021 sharti hilo lilikuwa limeondolewa, Oregon bado imeshikilia miezi 6 ile ile. Anayetaja mmoja na kuficha mwingine anafanya siasa.

Kwa Afrika, kesi ya kujua ni ya Afrika Kusini. Wakili Robert Stransham-Ford, aliyekuwa na saratani, aliomba mahakama ya Pretoria imruhusu daktari kumsaidia. Mahakama ilikubali tarehe 30 Aprili 2015; yeye alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutolewa. Desemba 2016 Mahakama ya Rufaa ya Juu iliifuta amri hiyo. Madaktari wa dunia, kupitia chama chao, mwaka 2019 walirudia kwamba wanapinga kuua kwa huruma na kujiua kwa msaada wa daktari, na papo hapo wakasema daktari anayeheshimu mgonjwa aliyekataa matibabu hakukosea.

Upande wetu, hoja ya hiari ni dhaifu hapa kwa sababu hiari inataka njia mbili. Mtu wa Kisauni asiye na mofini akichagua kifo, amechagua kati ya kufa na kuteswa, na hilo haliitwi chaguo. Pingamizi lake lipo, nalo ni kali: kumwambia wa leo angoje mpaka hospisi zifike kila wadi ni kumwadhibu kwa kosa la serikali. Wanafunzi wa sheria na wa uuguzi wakianzia hapo watafika mbali kuliko wakianzia kwenye viapo vya kale vya madaktari.

Siku za mwisho na baada yake

Mgonjwa anapoacha kula, mwili unafunga duka. Haachi kula ndipo afe, anakufa ndipo anaacha kula. Msimsukumie uji, utaingia mapafuni. Dripu katika siku hizo mara nyingi huvimbisha miguu na kuongeza makohozi. Lowesheni midomo kila baada ya saa 2 kwa pamba yenye maji safi au madafu. Mlio wa koromeo unaowatisha watu ni mate yaliyotuama. Mlazeni ubavu, na kuna dawa ya kuukausha. Pumzi itaenda kwa mawimbi, itasimama, itarudi. Dozi ya mofini isisimamishwe kwa sababu amelala; kama hawezi kumeza, hospisi itabadilisha njia. Anayesoma Yasini, anayemlakinia shahada au anayeimba pambio aketi karibu na sikio na asipaze sauti.

Akifariki nyumbani, chifu au naibu wake ajulishwe ili ajaze fomu D2, ambayo ndiyo njia ya kibali cha mazishi. Aliyefia hospitali hujaziwa D1. Wanaotaka kuzika kabla ya magharibi wawe na namba ya chifu mapema, na barua ya hospisi inayoonyesha maradhi yalijulikana. Mofini iliyobaki ipimwe kwa sirinji, iandikwe kwenye lile daftari la maumivu chini ya dozi ya mwisho, na irudishwe ilikotoka kabla ya hitima.